Ngozi ya Chura na Mti wa Nasaba
Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa baiolojia, Tanga mjini

Wazee wangu mliotangulia, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na wazazi mliofuatana na watoto jioni hii, nawasalimu nyote. Nashukuru kupewa nafasi ya kusema hapa Tanga, katika mkoa ambao milima yake inajulikana kwa wataalamu wa vyura duniani kote, hata wale wasioujua mji wenyewe.

Nimeombwa nieleze kazi yangu, yaani kusoma kemikali zilizomo kwenye ngozi ya vyura ili kujua nani ni ndugu wa nani. Ninalo jambo moja la kuwaambia, na nitalirudia kila nitakapopata upenyo: kufanana si ushahidi wa undugu mpaka ujue kufanana huko kumetoka wapi. Katika baiolojia sijaona kitu kinachofundisha hilo vizuri kuliko ngozi ya chura. Na vyura wa Usambara, walioko juu ya vichwa vyetu hapo mlimani, bado wana mengi sana ya kutueleza.

Tuanze na ngozi yenyewe. Chura hana magamba wala manyoya. Maji anayoyahitaji hayanywi kwa mdomo, huyafyonza kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita humo humo. Ngozi ya namna hiyo, laini na yenye unyevu usiku na mchana, ingeshambuliwa na bakteria na kuvu katika siku chache kama isingekuwa na ulinzi. Ndiyo maana chini yake zimepangana tezi za aina mbili. Moja hutoa ute wa kuilainisha. Nyingine huhifadhi chembechembe za kemikali, na kila tezi ya aina hii imezungukwa na misuli midogo inayoamrishwa na mishipa ya fahamu. Chura akibanwa na nyoka, adrenalini hupanda, misuli hujikaza, na kemikali humiminika juu ya ngozi.

Chura mnayemkuta barazani wakati wa mvua, yule mnene wa kahawia ambaye watu humwagia chumvi ili aondoke, kwa jina la kitaalamu ni Sclerophrys gutturalis. Nyuma ya macho yake kuna vinundu viwili virefu. Hivyo ni tezi za sumu zilizokusanyika mahali pamoja, na ndani yake mna steroidi ziitwazo bufadienolidi, ambazo huvuruga pampu ya sodiamu na potasiamu katika seli za moyo. Mbwa akimng'ata anaweza kufa. Mwanadamu akimshika hapati kitu, ila anawe mikono kabla ya kugusa macho. Naomba pia chumvi hiyo ibaki jikoni. Inamtesa mnyama anayewalia wadudu nyumbani bila kuwadai chochote.

Sasa, nani alianza kufikiri kwamba kemikali hizi zinaweza kueleza nasaba? Mzizi uko Italia. Vittorio Erspamer, aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa mtaalamu wa dawa na hakuwa mtaalamu wa vyura. Katika miaka ya 1930 alikuwa akifuatilia kemikali inayoifanya misuli laini ijikaze. Aliipata kwenye utumbo wa wanyama, akaipata kwenye tezi za mate za pweza, akaipata tena kwenye ngozi ya chura. Aliiita enteramini. Baadaye ilithibitika kuwa ni kitu kilekile ambacho watafiti wa Marekani walikipata kwenye damu na kukiita serotonini. Toka hapo Erspamer hakuiacha ngozi ya chura maisha yake yote, mpaka alipofariki mwaka 1999.

Mwenzake mkubwa katika safari hiyo alikuwa José Miguel Cei, mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Argentina na aliyewajua vyura wa Amerika ya Kusini kama wachache walivyowajua. Cei alikusanya ngozi, Erspamer akazipima. Ngozi zilitiwa kwenye methanoli, maji yake yakadondoshewa kwenye karatasi maalumu ya kromatografia, na kila kemikali ikapanda kwenye karatasi kwa mwendo wake na kuacha doa mahali pake. Kipande cha utumbo wa mnyama wa maabara kikitundikwa kwenye maji ya chumvi kilionyesha kama kuna kitu cha kuikaza misuli. Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Shule yenye maabara ya wastani inaweza kufanya kromatografia ya karatasi kesho asubuhi, kwa wino na majani.

Mwaka 1966 wawili hao walichapisha pendekezo lao: vyura wa Amerika ya Kusini wapangwe katika makundi kwa kuangalia pia amini (kemikali ndogo) na polipeptidi (minyororo ya asidi amino) za ngozi zao, wasiangaliwe mifupa na vidole peke yake. Mwaka 1968, pamoja na mwenzao Roseghini, walifanya hivyo kwa vyura wenye tezi za sumu wa jenasi iliyoitwa Bufo. Na mwaka 1972, katika kitabu kikubwa cha mageuko ya jenasi hiyo kilichohaririwa na Frank Blair wa Texas, iliwekwa sura nzima ya mtafiti Bobbi Low kuhusu majimaji ya tezi za nyuma ya macho. Fikra ilikuwa imekubalika: ngozi ni shahidi.

Lakini shahidi huulizwa maswali. Tuanze na amini, hizo kemikali ndogo. Serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, asidi amino iliyomo katika kila kiumbe, kwa hatua mbili tu za kimeng'enya. Kwa njia hiyo fupi, viumbe wengi wameifikia. Imo kwenye ndizi mliyokula mchana. Imo kwenye vinywele vya upupu vinavyowawasha watoto shambani. Hakuna atakayesema kwamba upupu ni binamu wa chura. Kwa hiyo vyura wawili wakiwa na serotonini ngozini, tumejua kitu kidogo sana juu ya undugu wao. Wakiwa na mchanganyiko mmoja wa amini kadhaa, tena zile adimu, kwa viwango vinavyokaribiana, ushahidi unapata uzito. Na Cei na Erspamer walilijua hilo. Hawakuegemea amini moja, walisoma seti nzima.

Peptidi ni habari nyingine, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo utamu wa kazi hii ulipo.

Peptidi ni mnyororo wa asidi amino. Aina zake za kawaida ni 20, na mpangilio wa mnyororo umeandikwa kwenye jeni. Mnyororo wa viungo 12 unaweza kupangwa kwa namna nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu hapa ukumbini. Wanyama wawili wakiwa na mnyororo unaofanana karibu wote, haielekei kuwa ni bahati.

Kuna chura wa nyika ya Afrika aitwaye Kassina senegalensis, mwenye mistari myeusi mgongoni, anayekimbia badala ya kuruka. Mwaka 1977 Erspamer na wenzake walitangaza peptidi kutoka kwenye ngozi yake na kuipa jina la kasinini. Ina viungo 12. Miaka minne baadaye, mwaka 1981, wakachapisha habari za chura mwingine, huyu wa mwambao wetu, kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini. Ni wa kijivu mwenye madoa meusi, na akinyoosha miguu unaona wekundu mkali mapajani na kwapani. Wakati ule aliitwa Hylambates maculatus, na makala yenyewe ilimhesabu katika familia ya vyura wa miti ambao wengi wao wako Asia. Kwenye ngozi yake walikuta peptidi ambayo ilikuwa kasinini yenyewe isipokuwa katika nafasi mbili: ya pili, palipokuwa na valini pakawa na asidi glutamiki, na ya tano, palipokuwa na serini pakawa na prolini. Nafasi kumi zilizobaki, hakuna kilichobadilika.

Leo chura huyo tunamwita Kassina maculata. Yumo katika jenasi moja na yule wa mistari, na familia yao ni ya Afrika, Hyperoliidae, ile ya vyura wadogo wa matete. Sidai kwamba peptidi ndiyo iliyomhamisha, maana anatomia na vinasaba vina maneno yao. Ninachosema ni kwamba ngozi ilikuwa imeshasema hivyo.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona basi viungo kumi vilibaki palepale? Angalieni mkia wa mnyororo. Kasinini inaishia na fenilalanini, valini, glisini, leusini, methionini. Erspamer alikuwa ameshapata peptidi ya chura wa Amerika ya Kusini, fisalemini, nayo mkia wake ni fenilalanini, tairosini, glisini, leusini, methionini. Na kemikali iitwayo P, iliyogunduliwa mwaka 1931 kwenye utumbo na ubongo wa wanyama wanyonyeshao, nayo ilipokuja kusomwa mwaka 1971 ilikutwa na mkia wa namna hiyohiyo. Sababu ni kwamba mkia ndio unaoshika kipokezi cha seli. Ukiuharibu, peptidi haifanyi kazi, na chura aliyeuharibu hakuacha watoto wengi. Kwa hiyo mkia unahifadhiwa na kazi yake. Sehemu ya mbele ina uhuru zaidi wa kubadilika, na humo ndimo tunamosoma nasaba ya karibu. Yeyote anayelinganisha peptidi bila kutenganisha vitu hivi viwili atawaona ndugu wengi mno, kwa sababu kila mmoja ana mkia uleule.

Na kasinini ina jambo jingine lililonifanya niipende kazi hii. Mkia wake ulikuwa na valini mahali ambapo kemikali P ina fenilalanini. Kwa miaka sita ilionekana ni upekee wa chura. Kisha mwaka 1983 watafiti wa Japani wakapata kwenye uti wa mgongo wa nguruwe peptidi yenye viungo kumi, ambayo mkia wake ni ule wa kasinini, herufi kwa herufi. Leo inaitwa neurokinini A, na imo ndani ya kila mmoja wetu aliyekaa hapa, kwenye mapafu, utumbo na mishipa ya fahamu. Chura wa Afrika alitangulia kutuonyesha kilichomo mwilini mwetu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa bombesini, iliyotangazwa mwaka 1971 kutoka kwa chura mdogo wa Ulaya, Bombina bombina: baada ya miaka michache jamaa yake ilipatikana kwenye tumbo la nguruwe. Kemikali za ngozi ya chura nyingi zilianza kama homoni za tumbo na ubongo, kisha jeni zikajinakili, na nakala moja ikapelekwa ngozini kufanya kazi ya ulinzi.

Sasa nageuza upande wa pili, upande wa hadhari. Jeni zikiweza kuhamishwa namna hiyo mara moja, zinaweza kuhamishwa mara mbili. Miaka ya 1960 Erspamer na wenzake walipata kwenye ngozi ya chura wa kijani wa Australia, Litoria caerulea, peptidi ya viungo kumi, seruleini. Kisha ikakutwa kwa Xenopus laevis wa Afrika Kusini, ileile, bila tofauti ya kiungo hata kimoja. Koo za vyura hawa wawili ziliachana zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Mtu angesema ni urithi wa babu wa kale. Mwaka 2010 Kim Roelants na wenzake wa Brussels walifungua jeni zenyewe na kukuta jambo la kushangaza: seruleini ya Xenopus ilitokana na jeni ya gastrini, na ile ya Australia ilitokana na jeni ya kolesistokinini. Homoni mbili tofauti za tumbo, njia mbili tofauti, zikafika kwenye mnyororo mmoja. Bidhaa peke yake haikutosha kusema ukweli. Ilibidi kusoma jeni iliyoiandika, pamoja na zile sehemu zake zinazokatwa na kutupwa kabla peptidi haijakamilika.

Alkaloidi nazo, kemikali zenye nitrojeni ambazo nyingi ni sumu, zina kisa kirefu zaidi.

John Daly wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani alifanya kazi hii toka miaka ya 1960, akishirikiana na Charles Myers wa jumba la makumbusho la New York. Kwenye vyura wadogo wenye rangi kali wa Amerika ya Kati na ya Kusini, alipata alkaloidi moja baada ya nyingine, na orodha ya mwaka 2005 ilipita 800. Iliyo kali kuliko zote ni batrakotoksini, ambayo hufungua milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu na kuizuia isifunge. Waembera wa Colombia walipaka mishale yao kwenye mgongo wa chura mwenye sumu hiyo. Mwaka 1978 Myers na Daly walimtangaza chura wa njano, Phyllobates terribilis, na wakati huohuo wakaipanga upya jenasi ya Phyllobates kwa kuangalia, pamoja na mambo mengine, nani ana batrakotoksini. Ilikuwa hoja nzito: kemikali adimu, katika vyura wachache wanaoishi jirani.

Kisha vyura hao wakazaliwa wakiwa kifungoni, wakalishwa nzi wa matunda na nyenje, na ngozi zao zikapimwa. Hazikuwa na sumu. Hata chembe.

Sumu ilitoka kwenye chakula: sisimizi, utitiri, mbawakawa, jongoo. Chura alikuwa anaihifadhi, haitengenezi. Tuseme nyumba mbili za Ngamiani zinapika pilau lenye harufu moja. Utadhani wapishi wamefundishwa na bibi mmoja, hadi ugundue kwamba zote zinanunua viungo duka moja. Harufu ni ya kweli, na haikudanganyi kuhusu duka. Inakudanganya kuhusu bibi. Mwaka 1992 batrakotoksini za namna hiyo zilikutwa kwenye manyoya ya ndege wa New Guinea aitwaye pitohui, na hakuna anayewaza kumweka ndege huyo katika ukoo wa vyura wa Colombia. Jirani yetu Madagaska anao vyura wa rangi kali, Mantella, wenye alkaloidi zilezile za vyura wa Amerika ya Kusini, na mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba wao pia wanazichota kwa sisimizi wao wa huko. Koo mbili, pande mbili za dunia, desturi moja ya kula.

Je, alkaloidi zitupwe? Sikubali. Kinachorithiwa kipo, ila kimekaa mahali pengine. Chura aliyezaliwa kifungoni asiye na sumu bado mwili wake unaihimili batrakotoksini. Uwezo huo umeandikwa kwenye jeni, na huo ndio wa kuwekwa kwenye mti wa nasaba. Uwezo wa kuichukua alkaloidi kutoka tumboni na kuifikisha ngozini bila kuivunja, nao umerithiwa. Tena wapo vyura wa Australia wa jenasi Pseudophryne ambao wana vyote viwili: alkaloidi moja wanaipata kwa chakula, na nyingine, pseudofrinamini, wanaitengeneza wenyewe. Ndani ya ngozi moja, kemikali moja inasimulia mlo na jirani yake inasimulia ukoo. Anayezichanganya hatapata habari ya mlo wala ya ukoo.

Nirudi nyumbani. Kwenye madimbwi ya mwambao huu, na Unguja pia, anaishi Xenopus muelleri, chura wa majini asiye na ulimi, mwenye kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya miguu ya nyuma. Jina hilo lilikuwa limepewa pia vyura wa mbali sana, upande wa magharibi na kati ya Afrika, ambao kwa macho ni walewale, na katikati yao na wa kwetu pana eneo kubwa ambamo hawapo. Mwaka 2011 kundi la Michael Conlon lilichukua majimaji ya ngozi za pande zote mbili na kusoma peptidi za ulinzi, ikiwemo familia ya magainini, zile ambazo Michael Zasloff alizigundua mwaka 1987 kwa Xenopus laevis. Hapa hakuna swali la mlo, maana peptidi hizi zinatoka kwenye jeni. Na minyororo ikatofautiana vya kutosha, wakasema wazi kwamba hawa si spishi moja. Mwaka 2015 wale wa magharibi walipewa jina lao, Xenopus fischbergi, kwa ushahidi wa vinasaba, sauti na maumbile. Kundi hilohilo lilikuwa limefanya vivyo hivyo kwa vyura wenye mkia wa Marekani, Ascaphus, mwaka 2007. Mnaona kazi ya ngozi katika zama za vinasaba: inawahi kugutusha, na inathibitisha kwa njia ambayo haikutegemea kipimo kilekile.

Wapo watakaosema, sasa vinasaba vinasomwa kwa bei nafuu, kemikali za nini tena? Vinasaba vinakuambia nani ni ndugu. Havikuambii ndugu hao wamefanya nini tangu walipoachana. Kemikali ya ngozi ndiyo kazi yenyewe ya maisha: nyoka aliyemkimbiza, kuvu iliyomshambulia, jike aliyemvuta. Vyura wa matete, hawa wadogo wa Hyperolius wanaoimba kwenye mabwawa yenu, madume wana tezi ya njano kooni, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba tezi hiyo hutoa mchanganyiko wa harufu ambao kila spishi ina wa kwake. Mti wa nasaba usio na habari hizo ni matawi matupu, nami sitaki kuwafundisha watoto wetu matawi matupu.

Kule juu Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902 na ambako hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, kila swali nililolitaja lina mnyama wake. Yupo Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi mayai majini, anazaa vichura vilivyokamilika. Ni wa familia ya yule wa barazani mwenye vinundu, lakini yeye ni mwembamba na vinundu hana. Jamaa yake wa nyanda za kusini, Nectophrynoides viviparus, matezi anayo makubwa. Aliyapoteza nani, na alipoyapoteza, bufadienolidi zilikwenda wapi? Wapo vyura wa Callulina, wanaotembea taratibu kwenye matawi. Tangu mwaka 1911 tulikuwa na jina moja tu, Callulina kreffti, mpaka mwaka 2004 alipotangazwa Callulina kisiwamsitu wa Usambara Magharibi, na baada yake wengine wakafuata kwenye milima mingine. Wanafanana mno. Kila mlima wa Tao la Mashariki, safu ambayo Usambara imo, umewatenga wake kwa muda mrefu. Hapo ndipo peptidi za ngozi zingeweza kutuambia ni tofauti gani zimejengeka tangu misitu ilipokatika vipande.

Na yupo mmoja anayeniumiza. Parhoplophryne usambarica alikusanywa Amani mwaka 1926, akaelezwa na Barbour na Loveridge mwaka 1928. Mmoja tu. Hakuna wa pili aliyepatikana mpaka leo. Yuko kwenye chupa ya jumba la makumbusho la Harvard, na nafasi yake kwenye mti wa nasaba imejengwa juu ya mwili huo mmoja. Majimaji ya ngozi yake hatutayapata, labda mmoja wenu akimkuta chini ya gome siku moja. Nawaambia kwa dhati: tafuteni.

Kwenye maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa, tulijifunza kwa gharama. Chura wa Kihansi alitangazwa kisayansi mwaka 1999, na kufikia mwaka 2009 alikuwa ametangazwa kutoweka porini. Maji ya maporomoko yalikuwa yamepunguzwa kwa ajili ya umeme, na kuvu ya ngozi iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis ilikuwa imeingia. Wachache waliokuwa wamehifadhiwa Marekani ndio waliorudisha kizazi chake. Kuvu hiyo inashambulia ngozi, na kati ya silaha za chura dhidi yake ni peptidi hizihizi. Kujua spishi gani ina peptidi zipi, na undugu gani umezipitisha kwa nani, kunaweza kutuambia mapema nani hana kinga.

Walimu watauliza kuhusu kuua. Zamani ngozi zilikaushwa kwa mamia. Kemikali ya epibatidini, iliyochapishwa mwaka 1992, ilitokana na ngozi za vyura wapatao 750 wa Ekuado. Hatufanyi hivyo tena, wala hatuna haja. Chura hupewa umeme hafifu au dozi ndogo ya noradrenalini, tezi hujimimina, anasuuzwa kwa maji safi, anarudishwa pale alipochukuliwa, na tezi hujaa tena baada ya majuma kadhaa. Spektrometa ya masi ya leo, chombo cha kupima uzito wa molekuli, inasoma minyororo kutokana na kiasi kidogo mno. Ila hakuna mwanafunzi atakayeshika chombo hicho bila kibali. Utafiti wa wanyama pori una taratibu zake za COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na sampuli haitoki nchini bila makubaliano ya maandishi. Naunga mkono taratibu hizo kwa moyo wote, kwa sababu chupa ya Harvard imeshatufundisha maana ya kukosa cha kwetu. Na mkipewa ruhusa ya kukusanya, msimweke Phrynomantis bifasciatus, yule mweusi mwenye milia myekundu, mfuko mmoja na vyura wengine. Atawaua kwa majimaji yake kabla hamjafika kambini.

Swali ambalo ningependa tuanze nalo, sisi na shule zenu, halihitaji mlima. Unguja iliungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini, enzi ya barafu ya mwisho. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina kirefu, na utengano wake ni wa muda mrefu zaidi. Wapo vyura wa Pemba wanaobeba jina moja na vyura wa mabwawa ya Tanga. Tukichukua majimaji ya ngozi pande zote tatu, kwa peptidi zilizoandikwa kwenye jeni na si kwa kitu kilicholiwa, tutaona kama jina hilo moja linastahili kubaki moja. Masika ndiyo wakati wao. Shule zilizo karibu na bwawa zinaweza kuanza hata sasa kwa kurekodi sauti usiku kwa simu na kuandika tarehe, mahali na hali ya mvua, jambo ambalo halimgusi mnyama. Karatasi za kujiandikisha ziko mezani kwa mwalimu pale mlangoni.

Nimemaliza upande wangu. Nimeona mkono wa binti aliyekaa safu ya tatu umeinuka muda mrefu. Karibu, mwanangu, uliza.